Namna ya Kumtambua Mtakatifu Katika Picha

Katika toleo hili nataka kuwaelezeni habari za alama ambazo wachoraji na wachongaji wa Ulaya walizitumia tangu zamani, ili mtazamaji apate kumtambua mtakatifu fulani katika picha au sanamu. Pengine mwenzangu mmoja atasema, "Habari hizi ni za kanisani, si za shuleni." Sivyo. Shule yetu ni ya Serikali, na ndani yake tumo Wakristo na Waislamu, wala sikukusudia kumhubiria mtu. Nimekusudia kueleza elimu inayomsaidia yeyote asomaye historia kujua anachokitazama. Nami nilipata hamu ya elimu hii kwa sababu ya aibu iliyonipata nyumbani kwetu wakati wa likizo.

Kwetu, katika chumba cha wageni, kuna picha moja ya zamani iliyotiwa katika fremu ya mbao na kioo. Yaonyesha mzee mwenye upara na ndevu ndefu nyeusi, amevaa joho jekundu. Mkono mmoja ameshika kitabu, na mkono wa pili ameuweka juu ya upanga mrefu. Sehemu ya chini, palipokuwa na jina, imeliwa na mchwa. Tangu utoto wangu nimesikia ikiitwa "picha ya Petro", kwa kuwa marehemu babu yetu alibatizwa Petro, na picha ilikuwa yake. Kila mwaka tukifanya misa ya kumkumbuka babu, picha ile huwekwa mezani na kuzungushiwa maua.

Likizo iliyopita nilifuatana na rafiki yangu mmoja, Mwislamu, tunayesoma naye darasa moja. Baada ya kumwamkia Bibi na kunywa chai, aliitazama ile picha, akaniuliza, "Huyu mzee ni nani?"

Nikajibu, "Ni Petro, mkubwa wa mitume wa Yesu."

"Alikuwa askari?"

"La, alikuwa mvuvi."

"Basi upanga ni wa nini? Mvuvi si angeshika wavu?"

Sikuwa na jibu. Baba Mdogo, aliyekuwa amekaa karibu, akaja kuniokoa. Alisema kwamba usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Neno hilo ni kweli, limo katika Injili ya Yohane. Rafiki yangu akaridhika. Lakini mimi sikuridhika, maana niliona ajabu kwamba mtu achorwe siku zote na silaha ambayo Yesu mwenyewe alimwamuru airudishe alani. Bibi alitutazama tu, akanyamaza.

Tuliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Historia jambo hili. Akanitolea maktabani kitabu kikubwa cha picha za kale, akaniambia, "Usitazame uso. Tazama mikono." Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa nini alama zilihitajiwa

Wachoraji hawakuziona sura za watu waliowachora. Mchoraji aliyeishi miaka elfu baada ya mitume angeijuaje pua ya Petro au macho ya Andrea? Nawe ukichora wazee kumi wenye ndevu na kanzu, hakuna atakayejua yupi ni nani. Waweza kuandika majina, na wengine walifanya hivyo. Lakini watu wengi wa siku zile hawakujua kusoma.

Mnamo mwaka 600 hivi Papa Gregori Mkuu alimwandikia barua Serenus, askofu wa Marseille, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Askofu huyo alikuwa amevunja picha katika makanisa yake kwa kuogopa watu wasije wakaziabudu. Papa alimsifu kwa kuwazuia wasiziabudu, lakini alimlaumu kwa kuzivunja, kwa sababu picha humfaa asiyejua kusoma kama vile kitabu kinavyomfaa ajuaye. Basi, tukisema kwamba picha ni kitabu, alama ndizo herufi zake.

Jambo hili si geni kwetu. Ukimchora mzee mwenye kifimbo mkononi, Mtanzania hahitaji kuandikiwa chini kwamba huyo ni Mwalimu Nyerere. Kifimbo chatosha.

Alama za watu wengi

Alama ziko za namna mbili. Za kwanza hazitupi jina la mtu. Zatuambia tu ni wa kundi gani. Duara la nuru kichwani huonyesha kwamba ni mtakatifu. Kofia ndefu yenye ncha mbili, pamoja na fimbo iliyopindwa juu, huonyesha askofu. Kitabu huonyesha mtume, au mwandishi, au mwalimu. Yungiyungi jeupe ni alama ya usafi wa moyo.

Tawi la mtende ni alama ya shahidi, yaani mtu aliyekubali kuuawa kuliko kuikana imani yake. Warumi wa kale walimpa mshindi wa mashindano tawi la mtende, na Wakristo wakaichukua desturi hiyo wakasema kwamba shahidi naye ni mshindi. Mimi nimeiona picha ya Karoli Lwanga wa Uganda ameshika tawi hilo. Yeye alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 mwaka 1964.

Alama za mtu mmoja mmoja

Alama za namna ya pili ndizo zinazotupa jina. Nyingi katika hizo ni chombo kilichomwua mtakatifu au kilichomtesa. Laurenti alikuwa shemasi wa Roma, aliyeuawa mwaka 258 wakati wa Kaisari Valerian. Mapokeo yasema kwamba alichomwa juu ya wavu wa chuma kama ule wa kuchomea nyama, na kwa hiyo huchorwa akiwa na wavu huo. Andrea ana msalaba uliokaa mshazari, kama alama ya kuzidisha katika hesabu; msalaba huo ndio ulio katika bendera ya Scotland, mweupe juu ya buluu. Bartolomayo, ambaye yasemekana alichunwa ngozi, ana kisu. Katika picha kubwa ya Hukumu ya Mwisho, ambayo Michelangelo aliimaliza mwaka 1541 kule Vatikani, Bartolomayo ameshika kisu mkono mmoja na ngozi ya binadamu mkono wa pili.

Katarina wa Aleksandria ana gurudumu. Masimulizi yasema kwamba walitaka kumwua kwa gurudumu lenye miiba ya chuma, likavunjika, ndipo akakatwa kichwa. Kwa sababu hiyo mara nyingi ana gurudumu na upanga pamoja.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza niliogopa, nikajiuliza kwa nini mtu akumbukwe kwa kitu kibaya kilichompata. Lakini yatazameni mikono yao, kama mwalimu alivyoniambia. Katika picha ambayo Raphael aliichora mnamo mwaka 1507, na ambayo imo katika jumba la picha la taifa kule London, Katarina ameliegemea gurudumu lake kwa utulivu, kama mtu aegemeavyo ukuta wa nyumba yao. Haliogopi tena. Chombo kilicholetwa ili kimshinde kimekuwa shahidi wa ushindi wake. Ndiyo maana wachoraji hawakukificha.

Alama nyingine zatokana na tendo la mtu. Nikolao, askofu wa Myra katika nchi ya Uturuki ya leo, ana mipira mitatu ya dhahabu. Yasimuliwa kwamba mtu mmoja maskini alikuwa na binti watatu, naye hakuwa na mali ya kuwaozea, maana kule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, kinyume cha mahari yetu. Nikolao akaja usiku kwa siri, akawatupia dhahabu dirishani mara tatu. Yeronimo, aliyefariki mwaka 420, na ambaye aliitafsiri Biblia kwa Kilatini, ana simba. Kwani husimuliwa kwamba alimtoa simba mwiba mguuni, naye simba akakaa naye kama mbwa wa nyumbani.

Alama nyingine zatokana na jina tu. Agnes, binti wa Kirumi, ana mwana-kondoo, kwa sababu kwa Kilatini mwana-kondoo huitwa agnus.

Na waandishi wanne wa Injili wana alama zao zilizotoka katika kitabu cha Ezekieli na katika Ufunuo: Mathayo ana mtu mwenye mabawa, Marko simba, Luka ng'ombe, na Yohane tai. Kwa hiyo simba mwenye mabawa ndiye alama ya mji wa Venice, kwani mwaka 828 wafanya biashara wa mji huo waliyaleta kutoka Aleksandria mabaki ya mwili yaliyoaminiwa kuwa ya Marko, wakamfanya mlinzi wao.

Yafaa tukumbuke pia kwamba watakatifu wengine wa picha hizi za Ulaya walikuwa watu wa Afrika. Katarina ni wa Misri. Augustino, ambaye alama yake ni moyo uwakao moto, alizaliwa mwaka 354 katika mji ambao leo umo Algeria. Na katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Morisi, iliyochongwa mnamo mwaka 1240 hadi 1250. Yeye yasemekana alikuwa mkuu wa kikosi cha askari kutoka Thebes ya Misri. Mchongaji alimfanya Mwafrika mweusi kamili, amevaa mavazi ya vita ya chuma.

Hadhari

Hapa yanipasa kuwaonya wenzangu, wasije wakafanya haraka. Alama moja peke yake yaweza kukupoteza.

Kwanza, alama moja yaweza kuwa ya watu wawili. Yeronimo ana simba, na Marko ana simba. Lakini simba wa Marko kwa kawaida ana mabawa, na wa Yeronimo hana. Joji hupigana na joka, na malaika Mikaeli hupigana na joka. Tazama mgongoni: mwenye mabawa ni Mikaeli, asiye na mabawa, na mara nyingi amepanda farasi, ni Joji.

Pili, jina moja laweza kuwa la watu wawili. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, ni mzee mwenye fimbo kama herufi T, na karibu naye pana nguruwe na kengele. Antoni wa Padua, aliyefariki mwaka 1231, ni kijana aliyevaa joho la utawa, amembeba Mtoto Yesu, na pengine ana yungiyungi.

Tatu, alama si lazima iwe historia kamili. Sebastiano huchorwa amechomwa mishale mwili mzima, na wengi hudhani kwamba mishale ndiyo iliyomwua. Lakini masimulizi yake yasema kwamba alipona, akarudi kumkemea Kaisari, ndipo akauawa kwa kupigwa marungu. Vivyo hivyo Yeronimo huvikwa nguo nyekundu za kadinali, ingawa makadinali wa namna hiyo walitokea baada ya zama zake.

Na hata wataalamu hushindana. Katika mji wa Ravenna, Italia, kuna jengo dogo la karne ya 5 liitwalo kaburi la Galla Placidia. Ukutani pana picha iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo: mtu mwenye msalaba begani aenda upesi kwenye wavu wa chuma uliowekwa juu ya moto, na upande wa pili pana kabati lenye vitabu vya Injili nne. Wengi husema kwamba ni Laurenti. Wengine wasema kwamba ni Vinsenti wa Hispania, kwa kuwa yeye naye aliteswa juu ya wavu. Basi kanuni ni hii: usihukumu mpaka umepata alama mbili au tatu zinazokubaliana.

Petro na Paulo

Nilipofika hapo niliirudia picha ya kwetu kwa kuikumbuka tu. Alama za Petro ni funguo, kwa sababu ya maneno ya Yesu katika Mathayo sura ya 16, alipomwahidi funguo za ufalme wa mbinguni. Mnamo mwaka 1481 au 1482 Perugino alichora ukutani mwa kanisa la Sistina kule Vatikani Petro amepiga magoti akipokea funguo hizo, na leo funguo mbili zimo katika bendera ya Vatikani. Paulo ana upanga, kwa sababu mapokeo yasema kwamba alikatwa kichwa kwa upanga huko Roma. Alikuwa raia wa Kirumi, na raia hakusulubiwa. Tena Paulo mwenyewe aliandika kwamba neno la Mungu ni upanga wa Roho, na kitabu alichoshika ni ukumbusho wa nyaraka zake. Mbele ya basilika la Petro kule Roma kuna masanamu mawili makubwa yaliyowekwa mwaka 1847, mmoja na funguo, mwingine na upanga.

Lakini nilihitaji alama ya pili. Hiyo niliipata kichwani. Tangu karne ya 4 Petro huchorwa na nywele fupi nyingi na ndevu fupi za mviringo, na Paulo huchorwa na upara na ndevu ndefu zenye ncha. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Thekla, Roma, imepatikana picha ya Paulo ya mwisho wa karne ya 4, nayo ina upara uleule na ndevu zilezile.

Upanga, kitabu, upara, ndevu ndefu: alama nne zimekubaliana. Mzee wa kwetu hakuwa Petro hata kidogo. Alikuwa Paulo.

Nilipokwenda nyumbani tena nilingoja mpaka jioni, nikamweleza Baba Mdogo kwa adabu yote niliyoijifunza. Hakufurahi. Akasema, "Unataka kusema kwamba miaka yote hii tumeweka maua mbele ya picha isiyo ya mzee wetu?" Nikainama, nikaona kwamba elimu yangu imeleta huzuni.

Ndipo Bibi akasema, "Mwacheni mjukuu wangu. Huyo ni Paulo. Mimi sikusoma, lakini katekista alitufundisha: mwenye funguo ni Petro, mwenye upanga ni Paulo."

Baba Mdogo akamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?"

Akajibu, "Mlipokuwa mkisema picha ya Petro, nilidhani mwasema picha aliyoiacha Petro, mume wangu. Sikujua kama mwamtaja aliyechorwa. Ninyi mmesoma, nilidhani mwajua."

Kisha akatueleza. Babu alikuwa na mdogo wake. Walibatizwa siku moja, sikukuu ya mitume hao wawili, mmoja akaitwa Petro na mwingine Paulo, na kila mmoja akapewa picha ya msimamizi wake. Baadaye yule mdogo aliondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Usiku wa kuagana wakabadilishana picha, ili kila mmoja awe na ya mwenzake na amwombee. Yule mdogo hakurudi, na habari zake zikakoma. Babu hakupenda kulisema jambo hilo mbele ya watoto.

Baba Mdogo aliishusha picha, akang'oa misumari ya nyuma polepole. Nyuma ya karatasi palikuwa na maandishi ya wino yaliyofifia: Paulo, 29 Juni 1952. Alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza, "Mama, jina lake la nyumbani lilikuwa nani?" Bibi akatutajia jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Sasa katika misa yetu ya kila mwaka twataja majina mawili.

Nawashukuru mwalimu wangu, na rafiki yangu ambaye swali lake ndilo lililoanza yote. Nanyi wenzangu, mkirudi likizo, ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya kale, tazameni mikono ya aliyechorwa, mjue ni nani. Halafu waulizeni wazee picha hiyo ilikuwa ya nani. Hayo ni maswali mawili, na kwetu tulidhani kwamba ni moja.